Mzaliwa wa Kwanza wa Mwalimu Projestus Kahangwa

Yowe moja lilisikika hapa Nyanga, Bukoba, usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, nalo likawajulisha majirani kwamba Mwalimu Projestus Kahangwa ametutoka. Ndugu waombolezaji, familia inawasomea maisha yake kama alivyoagiza mwenyewe, yaani bila kuruka mahali.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1957 huko Kamachumu, wilayani Muleba, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, na sekondari hadi 1975, kisha akajiunga na chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1977. Alifundisha Muleba kwa miaka mingi, na mwaka 1994 akapata mafunzo ya ushauri wa wanafunzi, akahamia Bukoba mjini, na huko ndiko alikojulikana zaidi, kwa maswali yake ya kupima vipaji na kwa kumtaka kila mwanafunzi aandike malengo yake ya miaka kumi. Wazazi walipong'ang'ania udaktari aliwaita ofisini, akawaambia mtoto si shamba, huwezi kumchagulia zao. Wapo hapa mafundi, wauguzi na wahasibu waliopona kwa maneno hayo.

Alifunga ndoa na Bi Restituta tarehe 20 Agosti 1983, Mungu akawajalia watoto wanne, na watatu kati yao ni Mutalemwa, Elieth na Nancy. Wa kwanza ni binti, aliyezaliwa mwaka 1984, na habari zake marehemu alitaka zisomwe mbele yenu.

Mwaka 2001 binti huyo, akiwa kidato cha nne, alijibu maswali ya baba yake, majibu yakaonyesha kipaji cha mitambo, na katika malengo yake akaandika kwamba atafungua gereji Muleba. Marehemu alimrudishia maswali ayajibu upya, majibu yakawa yaleyale, ndipo akamjazia fomu kwa mkono wake mwenyewe, akamchagulia masomo ya udaktari. Binti alikwenda kidato cha tano, akalia, akaugua, na mwaka 2003 akaacha shule, akaenda kujifunza ufundi wa magari. Marehemu alisema, "Jina hilo lisisikike tena ndani ya nyumba hii," na Bi Restituta, ambaye mtaa mzima ulikuwa ukimwita kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, kama ilivyo desturi, akaanza kuitwa Mama Mutalemwa, akaitika, huku akitazama chini.

Tangu hapo marehemu alihesabu watoto watatu, kanisani na kazini. Mwaka 2009, kwenye kikao cha wazazi, Mzee Byabato alimtania, "Mwalimu, wa kwetu unawapima vizuri, wa kwako ulimpimia debe lipi?" Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao, lakini jioni hakula, na tangu siku hiyo hakupenda kushukuriwa. Mwaka 2017, alipostaafu, wanafunzi wake wa zamani walimletea mbuzi na hotuba, naye akaingia ndani kabla hotuba haijaisha.

Mwaka 2022 aligundulika kuwa na kisukari, baadaye figo zikadhoofika. Mwezi Mei mwaka huu aliwaita mkewe na watoto, akasema, "Andikeni watoto wanne, na muanze na mkubwa." Mama akamwambia, "Basi mtaje, Baba." Alifungua mdomo, aibu ikamshika, akageukia ukutani, na hadi anafariki hakuweza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Nyanga kwa kuni, maji na ndizi, walimu wenzake, na ndugu wote waliotoka Kamachumu. Tunaomba radhi pia, kwa sababu wengi tulijua, tukanyamaza.

Mwalimu, lala salama, yaliyokushinda kuyasema tutayasema sisi. Watoto huweka udongo kaburini kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa, na hapa kibanjani, kati ya migomba yake, hakuna atakayetangulia kabla ya mkubwa wao, aliyeketi kule nyuma na wageni tangu asubuhi. Mama yake anamwomba aje mbele, na anaomba nasi tumwite tena kama zamani, Mama Jovitha. Njoo, Jovitha Kokugonza.