Koti la Mama Hilaria Juu ya Mizani

Na ndiyo hivyo, kama tulivyokuwa tukisemezana wakati wa chai, Mama Hilaria anaondoka. Amepima watoto kwenye zahanati yetu hapa Sumbawanga kwa miaka thelathini na moja. Tarehe 3 Julai anastaafu, miaka mitatu kabla ya wakati wake, kwa sababu ya ugonjwa.

Hakuna mama aliyepandisha mtoto mwenye sweta kwenye mizani mbele yake. "Mvue! Tunapima mtoto, hatupimi sufu!"

Vikokotoo vya afya vya mtandaoni vilipoingia kwenye simu, yeye ndiye aliyetufundisha: unaandika urefu na uzito, kinakuambia kama umepungua, uko sawa au umezidi. Mimi, mchumba wa watu, nikawa najipima kila siku ili gauni la harusi linikae. Akanicheka, "Atuganile, Raphael anaoa mke, haoi namba!" Jamani, maneno yale bado yananipa raha.

Mwaka jana alianza kuchoka. Tulipomsihi amwone daktari, alitunyooshea simu: rangi ya kijani, uzito wa kawaida. Mwezi baada ya mwezi, kijani. Tukaridhika. Hakuna aliyefikiri kwamba kwa baridi yetu hii alikuwa akipanda mizani na koti zito, masweta mawili na buti.

Mwezi wa tano, siku ya harusi yangu, siku tamu kuliko zote maishani mwangu, alikuja kanisani na kitenge cha sare kilichoshonwa kwa vipimo vyake vya zamani. Kilimning'inia. Nilikuwa nimeshika mkono wa mume wangu, moyo umefurika, nikayaona mabega yale, nikalia. Watu wakadhani ni furaha tu.

Jumatatu iliyofuata tulimpima bila koti: kilo arobaini na moja. Kikokotoo kikawa chekundu. Daktari alikuta uvimbe tumboni, akasema umekaa muda mrefu. Dawa zitapunguza maumivu, basi. Mama Hilaria akasema polepole, "Kumbe nilijipima na sufu."

Sasa anakwenda Chala kwa binti yake Angela.

Mama, asante kwa kila mtoto uliyemshika. Mungu akupe usingizi mzuri na siku zisizo na maumivu. Hatutaki kuchelewa tena: kabla mwezi huu haujaisha, mimi na Raphael wangu tutakuwa Chala, tukae nawe kutwa nzima.

Atuganile, Mapokezi