Kukhu Roselyne na Homa Iliyoingia Kitandani

Kukhu yetu, yaani nyanya yetu, Roselyne Nanjala Wangila, alizaliwa tarehe 14 Mei 1947 huko Mayanja, Bungoma. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akatolewa ili alee wadogo wake.

Mwaka wa 1968 aliolewa na Gabriel Wangila, ambaye ni kuka yetu, yaani babu, wakahamia Endebess. Walijaliwa watoto watatu. Kwa miaka arobaini aliuza maziwa mjini Kitale. Mteja akilalamika ati ni mazito, alimjibu, "Maji si utaongeza kwako, bana. Mimi nimeleta maziwa."

Tarehe 9 Juni 2025 mjukuu wake Naliaka, mwenye miaka kumi na sita, alirudi kutoka Bungoma na homa ya mafua. Kwetu mjukuu wa kike hulala na kukhu yake. Jioni hiyo Naliaka alitandika gunia chini. Kukhu akamwambia, "Kwani wewe ni mgeni? Panda kitandani, hiyo sakafu ni baridi." Akapanda. Siku ya nne Naliaka alikuwa amepona, anakamua ng'ombe. Siku hiyo hiyo kukhu akaanza kutetemeka.

Hospitalini, Naliaka aliuliza kwa nini homa ile ile imwachilie yeye na imshike kukhu. Daktari Waruguru alisema chembe hai za mapafu zimefunikwa na sukari ndogo ndogo, si ile ya chai. Virusi vikiingia, mwili hubadilisha hizo sukari, na kinga hufuata mabadiliko hayo ijue pa kupigana. Kwa mzee hazibadiliki kama kwa kijana, na kinga inaweza kupiga hadi mapafu yenyewe. "Wanasayansi bado wanachunguza," alisema. "Lakini kama kuna mzee mwingine nyumbani, mchungeni."

Kukhu alituacha Alhamisi, tarehe 19 Juni, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, Gabriel, miaka 81. Watoto Wabwile, Jentrix na Joan. Na wajukuu tisa.

Kuka ndiye huyo amekaa karibu na jeneza. Ameanza kukohoa wiki hii. Tunajua ni desturi kila mtu apite ampe mkono, na yeye amesema hawezi kukataa mkono wa mtu. Kwa hivyo tunawaomba nyinyi mkatae. Msalimieni mkiwa mbali. Hata Naliaka, anayewasomea haya, hajamgusa tangu kukhu aende.

Kukhu, pumzika kwa amani. Usimwite kuka bado.