Nuru ya Bimkubwa

Apa kwanza. Sema wallahi, halitoki hapa. Umeapa? Haya. Mwanatumu, muuza vitumbua wa Msambweni, naye aliapa hivyo hivyo asubuhi ile, mkono kifuani, na kabla karai la kwanza halijaepuliwa alikuwa ameshawaambia watu watatu: Bimkubwa atamrudisha mkaza mwanawe, Mbeyu, kwao Munje leo hii, kabla ya adhuhuri. Sababu ni sinia. Sinia ya shaba aliyoachiwa Bimkubwa na mamake ilipotea jikoni wiki iliyopita, siku waliyopigwa picha uani, na kwa hesabu ya Bimkubwa, aliyeingia jikoni siku hiyo ni Mbeyu tu. Mwanatumu alipenda habari, hilo hakatai mtu. Lakini Mbeyu alimpenda zaidi, na roho ilikuwa inamuuma.

Aliwaambia wale wa benchi, chini ya upenu wa makuti, magari yanaposimama. Tsuma, muuza kahawa, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Othman, kakake Bimkubwa, waliyemwita Kadhi kwa kukata mashauri asiyoletewa. Na Boga, Nahodha wa Nchi Kavu, ambaye hata ngalawa hajawahi kuipanda. Siku hiyo Nahodha alivaa kanzu safi, na kikapu chake, kilichofunikwa kawa, kilikuwa katikati ya miguu. Alikuwa akingoja gari la Lunga Lunga.

Kadhi akafungua gazeti kuukuu, akaitoa picha iliyoletwa asubuhi.

— Tazameni wenyewe. Jua la saa nne, wameligeuzia mgongo, na uso wa dada yangu unang'aa kama taa ya karabai.

— Si yeye tu, wote wanang'aa, alisema Tsuma. Lete niione. Jua liko nyuma, nyuso zingekuwa nyeusi kama chungu. Mwangaza huu umetoka wapi?

— Mwenyewe anasema ni nuru. Mpiga picha aliwaambia wafumbe macho, jua lisiwakunje nyuso, akisema tatu wafumbue. Walipofumbua tu, nuru ikawapiga hata wasione mbele.

— Mafuta, alisema Tsuma. Bimkubwa alijipaka nazi tangu alfajiri. Uso wenye mafuta hurudisha jua.

— Mafuta gani ya kung'arisha na ukuta wa nyuma?

— Basi ni mwezi. Yule bwana alipiga picha ya mwezi mpevu kule Galu, haukutoka wote kwenye sanduku lake. Uliobaki umemwagikia nyumba ya Bimkubwa.

Nahodha alikunywa funda la kahawa, akafuta masharubu bila haraka.

— Redio, wacha kutangaza upuuzi. Ile ni nuru ya ukoo. Babu yao alihitimisha Kurani akiwa na miaka saba. Mtu wa namna hiyo, nuru yake hukaa chini ya ardhi miaka hamsini, halafu hupanda. Mimi niliiona moja Pemba, nikiwa usukani.

— Usukani wa nini, Nahodha? aliuliza Mwanatumu, akigeuza vitumbua.

— Bibi, wewe angalia mafuta yako yasiungue.

— Basi nuru hiyo mbona haikumwonyesha Bimkubwa sinia yake iko wapi? Inamwonyesha Mbeyu peke yake?

— Nuru haishughuliki na vyombo, alijibu Nahodha.

— Nakubaliana, alisema Kadhi. Shauri la sinia limekwisha. Msichana ataondoka.

Hapo akaja Karisa, mpiga picha, sanduku begani na miguu mitatu ya mbao kwapani, kungoja gari la Mombasa.

— Hamjambo wazee. Shikamoo, bibi.

— Marahaba, mwanangu. Kaa. Tuambie, nuru hii uliitoa wapi?

Karisa akaitazama picha, akacheka.

— Nuru gani? Jua la huku ni kali. Ukimwelekeza mtu kwalo, anakunja uso kama amelambishwa ndimu. Ukimpa mgongo, uso unakuwa giza. Kichwa changu kilikuwa ndani ya kitambaa, nikasikia mtu anahema nyuma yangu. Nikamnong'oneza, tafuta kitu kinachong'aa unirushie jua usoni mwao. Akaja na sinia ya shaba, nikaiona yenyewe tu pembeni mwa kitambaa. Imesuguliwa ikasugulika, sijapata kuona.

Mwanatumu aliacha kugeuza. Sinia ile aliisugua Mbeyu asubuhi ya picha, kwa ndimu na jivu.

— Nilipotoa kichwa hayupo, alisema Karisa. Nilitaka kumshukuru. Alikuwa nani?

Redio, kwa mara ya kwanza tangu kununua mdila wake wa kahawa, alizimika. Kadhi alitazama makuti. Nahodha alitazama barabara, na barabara ilikuwa tupu.

Ikawa ndiyo saa Bimkubwa anapita na Mbeyu, kwani njia ya Munje ni hiyo hiyo. Mbeyu alibeba bunda la nguo kichwani, macho yamevimba. Na jua, ambalo halingoji mtu, lilikuwa limekwisha kula kivuli cha upenu kidogo kidogo, mpaka likafika miguuni pa Nahodha.

Kwenye ndevu za Kadhi kikatua kiduara cha mwangaza.

— Kadhi, alisema Mwanatumu polepole, nuru ya ukoo imekufikia.

Kadhi akajipangusa. Nahodha akasukuma kikapu kwa kisigino, kiduara kikaruka kutoka ndevuni, kikapanda ukutani, kikashuka kifuani mwa Bimkubwa. Wote wakakifuata kwa macho, kutoka kifuani hadi hewani, kutoka hewani hadi kwenye kawa lililokaa upande, na ukingo wa shaba uliochomoza chini yake.

Honi ya gari la Lunga Lunga ikalia kwenye kona. Nahodha akainuka, akakamata kikapu. Upande wa pili wa mpini palikuwa na mkono mwingine. Mbeyu alikuwa ametua bunda lake chini.

— Nilitaka kuirudisha, alisema Nahodha.

— Lunga Lunga? aliuliza Bimkubwa.

Gari likasimama. Abiria wakachungulia madirishani. Nahodha hakuachia, wala Mbeyu hakuachia. Mbeyu akamtazama usoni, akasema kwa sauti ya upole kabisa:

— Fumba macho, Nahodha. Nikisema tatu, fumbua.

Kisha akaliondoa kawa, na sinia ikamrushia Nahodha jua usoni.