Mgonjwa Naye Apewe Jembe

Mgeni rasmi, Bi Lalita, mtaalamu wetu wa mazoezi ya viungo. Mabibi na mabwana:

KARIBU

Sisi akina mama wa Umoja wa Waswahili, Hodge Hill, Birmingham, tunakukaribisha kwa furaha. Nje baridi, lakini humu umekuja kwenu. Tunakusomea kwa Kiswahili kwa kuwa wewe ni mzaliwa wa Mombasa, na hata ukitugombeza hutugombeza kwa Kiswahili.

TULIKOTOKA

Majira ya baridi ya mwaka 1973, Bi Sikuzani, mkubwa wetu, aliteleza kwenye barafu akavunjika goti. Plasta ilipotolewa, ulimfanyisha mazoezi hospitali mpaka goti likakunjika vizuri, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Hapo ndipo sisi tulipoingia na mapenzi yetu.

Kwetu mgonjwa hanyanyui hata kijiko. Tukapeana zamu: huyu anapika, huyu anafua, huyu anamvalisha soksi. Yeye akakalishwa kochini kama mwali. Kumbe goti nalo lilistarehe, likakakamaa upya. Bi Sikuzani akawa anasali kitini, na kila akimaliza huutazama msala sakafuni. Hakuwa mtu wa kulalamika, ila siku moja alimwambia Nunu, mke wa mwanawe: "Mwanangu, nachelea n'takufa sijasujudu tena." Maneno yale yalimkata Nunu maini.

Ulipokuja kumtazama, ulimkuta Nunu kapiga magoti, soksi mkononi. Ulitufokea sote. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Mbona huyu mnamnyima jembe lake? Huruma yenu ndiyo inayomlemaza!"

MAFANIKIO

Ukatupiga marufuku kumsaidia. Bi Sikuzani alinuna. "Nna mkwe, nna majirani, leo n'jipikie chai mwenyewe?" Lakini alijikongoja. Kila asubuhi alinyoosha mguu kabla ya uji, akapanda ngazi na kushuka, huku akikuita majina ambayo hatutayasoma hapa. Sisi tuliteseka kumshinda yeye. Kumtazama mzee akiinama kuokota kijiko nawe umekaa, ni adhabu.

Asubuhi ya Idi alikitazama kile kiti, akakisukuma kando. Alishuka taratibu hadi paji la uso likagusa msala. Akainuka mwenyewe. Alhamdulillahi! Nunu alilia, nasi tukalia, hata wenzetu Wakristo waliokuja kwa biriani. Mzigo mkubwa ulitutoka kifuani siku ile.

MATATIZO

Mazoezi huleta nafuu, na nafuu nayo huleta uvivu. Juma lililopita Bi Sikuzani aliyaruka, ati kuna baridi, goti likaanza kumuuma. Nasi mikono bado inatuwasha kutaka kumsaidia. Sasa tumesikia unahamia Leicester. Hatukulaumu, lakini tunaogopa. Nani atatufokea?

MAOMBI

Tulikuwa na mengi, tumebaki na moja. Ukimpima leo kwa mara ya mwisho, tafadhali usimwambie amepona. Mwambie anaendelea vizuri. Akisikia amepona, kesho yuko kochini, na sisi tuko chini yake na soksi.

KWAHERI

Mola akujaalie kheri huko uendako, na mikono yako isichoke. Tungesoma zaidi, ila Bi Sikuzani anatoka jikoni na sinia la chai. Ni zito, na anakuja polepole. Mgeni rasmi, tunakuomba usinyanyuke.

Nasi hatunyanyuki.

Ni sisi wako,
Akina Mama, Umoja wa Waswahili
Hodge Hill, Birmingham
Novemba 1974