Jina la Okemwa kwenye Mashine ya Rangwe

Wachungaji, mama mjane, watoto, majirani wa Rangwe na wageni wote mliotoka Migori, Karungu na Ntimaru, mimi ni Nyamusi, kitinda mimba wa mzee Mogire, nimesimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya kaka yangu Japheth Okemwa Mogire, ambaye jina lake liko juu ya karatasi mlizoshika, limechapwa na mashine yake mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1931 huko Nyamagwa, Kisii, akiwa mtoto wa tatu, akasoma shule ya misheni hadi darasa la sita mwaka 1947, ambako walimu walimsifu kwa mwandiko na kumpa viboko kwa utundu, na vyote viwili alistahili.

Mwaka 1949 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji cha misheni kando ya ziwa, akafundishwa kuokota herufi za madini ya risasi moja moja kutoka kwenye kasha, kuzipanga zikiwa zimegeuka nyuma mbele, kuzifunga kwenye fremu na kuzipaka wino, na huko ndiko alikojifunza Dholuo, lugha ya Wajaluo, maana alikisoma kwenye risasi kabla hajathubutu kukiongea sokoni. Misheni ilipopata mashine mpya alinunua ile kuukuu ya kukanyaga kwa mguu, akafungua duka lake hapa Rangwe tarehe 6 Januari 1964, na nyinyi majirani mkasema Mkisii ameleta cherehani ya chuma.

Kabla ya hapo, tarehe 19 Agosti 1956, alifunga ndoa na Bathsheba, ambaye alimchumbia kwa kumpelekea kadi iliyochapwa jina lake kwa wino mwekundu, naye baba mkwe alipoiona alidhani ni samansi ya chifu, akataka kutoroka. Mungu aliwajalia watoto wawili, Makori, aliye mfanyabiashara Migori, na Pauline, aliyekaa na baba yake kwenye mashine mpaka akawa mchapaji kamili.

Katika duka lile ilikuwepo sheria moja ambayo kila mteja aliijua. Jina la marehemu yeyote aliyechapiwa karatasi za mazishi halikuvunjwa kwenye fremu kabla ya maziko, kwanza kwa heshima, pili kwa sababu matanga ya kwetu hayaishi bila mjomba aliyesahaulika kuja kudai jina lake liongezwe, lakini mtu akishazikwa, herufi zote zilirudi kwenye kasha siku hiyo hiyo. Kasha lile lilitengenezwa kwa majina ya Wazungu, herufi kubwa O zilikuwa chache mno kwa nchi hii ya akina Otieno na Okemwa, na familia moja ikizishikilia, nyingine ilikaa ikingoja. Kaka alikuwa akiwaambia watu wote, matajiri kwa maskini, "Mtu wenu mmeshamlaza, sasa rudisheni herufi kwao, kuna mwingine analia."

Miaka ya tisini ilipoleta kompyuta mjini Homa Bay, wateja walipungua, akaja mnunuzi wa vyuma vikuukuu kupima mashine kwa macho, na kaka alimfukuza kwa maneno ambayo siwezi kuyasoma mbele ya wachungaji. Mwaka 1995 mwalimu mstaafu Ryoba na kamati yake ya makumbusho hapa Rangwe waliiomba mashine hiyo, wakataka kuipaka rangi na kuizungushia kamba, naye akawajibu, "Mashine ya kufungwa kamba ni maiti, na mimi sijafa." Walibishana miezi mingi, na kaka alishinda, kama kawaida yake, hivyo tangu makumbusho yafunguliwe tarehe 12 Julai 1996 mashine imekuwa ikichapa kila Jumanne, na watoto wa shule hupanga majina yao wenyewe, na kwenda nayo nyumbani kwenye karatasi, ila hakuna anayetoka mlangoni kabla ya kurudisha herufi.

Mapema mwaka huu kifua kilianza kumsumbua, akalazwa Homa Bay mwezi wa Septemba, na Jumatano tarehe 7 Oktoba 1998, saa kumi na moja alfajiri, alituacha, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Bathsheba. Naumia, sitaficha, kwa maana nilikuwa sijamaliza kugombana naye.

Wiki hii kamati ilitujia kwa heshima, ikaomba fremu yenye jina lake isivunjwe kamwe, iwekwe ndani ya sanduku la kioo ili wageni waione daima. Makori alikubali, akasema baba anastahili, Pauline akakataa huku akilia, akasema baba angeona haya, na nyumba ikagawanyika siku tatu, mpaka mama Bathsheba alipotuita jikoni na kusema, "Huyu mzee alikuwa ananiambia herufi ni za wote. Nyinyi mnataka kumfanya mwongo akiwa amelala?" Makori mwenyewe ndiye aliyekwenda kumweleza mwalimu Ryoba kwamba fremu itavunjwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliokesha nasi, rafiki wa marehemu, Bwana Noordin, aliyetupa karatasi zote za leo na gari la kumleta nyumbani, na kamati ya makumbusho ambayo imetuelewa.

Tukitoka kaburini, Pauline na Makori watakwenda kwenye mashine, watafungua fremu na kurudisha jina la baba yao kwenye kasha, herufi moja baada ya nyingine, kwa sababu huko Karungu kuna mama Odongo aliyefariki juzi, na watu wake wamekuwa wakingoja herufi O bila kulalamika.

Lala salama, Okemwa. Tumeshakulaza, sasa tunazirudisha kwao.