Mama Fyuzi na Kinga ya Pikapu Namba Tatu

Kosa la watu wengi wanaotaka kujitengenezea kinga ya nyuma ya kabini ni kuanza na taa. Huona pikapu ya jirani ikipita na fremu ya chuma iliyosimama nyuma ya dereva, taa nne zikimeremeta juu yake, basi hukimbilia dukani kutafuta taa. Chuma huja baadaye, tena chembamba, kikashikizwa kwa skrubu mbili kama kabati la bafuni. Taa zinawaka vizuri sana. Siku ya breki ya ghafla mzigo unaingia kabini ukiwa na mwanga wa kutosha.

Mwenzetu anayestaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na miwili katika karakana ya idara yetu ya maji, hakuwahi kufanya kosa hilo. Alifanya jingine, zuri zaidi, na tutalifikia. Kwenye orodha ya watumishi ana majina yake matatu kamili. Kwetu sisi ni Mama Fyuzi, na barua yake ya kustaafu ilizunguka ofisi nne kwa siku mbili kwa sababu hakuna aliyejua hayo majina matatu ni ya nani.

Alikuja kama fundi umeme wa majumbani. Alikuwa na cheti kipya na bisibisi tatu, na kazi aliyopewa ilikuwa kufunga taa katika chumba cha mapokezi. Wiki ya pili alipita karakana kuazima ngazi, akakuta mafundi wanne wamelizunguka lori ambalo taa zake za upande mmoja zimegoma. Alitazama kidogo, akauliza waya wa kurudisha umeme uko wapi. Mafundi walicheka mpaka wakashika magoti. Msimamizi wa wakati huo, mzee aliyependa kufundisha kwa utani mkali, akamwambia, "Binti, hapa si sebuleni kwenu. Gari lote ni waya."

Wasio mafundi nao husoma jarida hili, kwa hiyo tueleze. Nyumbani umeme huja kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine. Kwenye gari, waya mmoja hutoka kwenye betri hadi kwenye taa, na safari ya kurudi hupitia chuma cha gari lenyewe, kwa kuwa upande hasi wa betri umefungwa kwenye chuma hicho. Taa isipogusana sawasawa na chuma, umeme haupati njia ya kurudi, na haitawaka hata ukiibadilisha mara kumi. Msichana yule aliposikia hayo aliisahau ngazi pale pale. Chumba cha mapokezi kilikaa gizani wiki nzima, naye akaandika barua ya kuomba kuhamia karakana.

Hakuondoka tena. Baada ya miaka kumi na mmoja alikuwa mkuu wa umeme wa magari. Kuchomelea vyuma alijifunza mwenyewe, kwa hasira, kwa sababu alichoka kumsubiri mchomeleaji kila alipohitaji kishikizo cha taa. Lori la kuchimbia mitaro lilipoliwa nyaya zote na panya, alilitandikia nyaya upya kuanzia taa ya mbele hadi ya nyuma kwa siku tisa. Katika miaka yake yote hakuna gari letu hata moja lililoungua kwa hitilafu ya nyaya, na hilo ni jambo la kujivunia kuliko kikombe chochote kilichopo kwenye kabati la mkurugenzi.

Jina lake lina asili mbili. Kwanza, kwenye pochi yake hamkosekani fyuzi. Pili, mtu akipandwa na hasira kikaoni, yeye hutoa fyuzi moja, akaisogeza mezani mbele yake na kumwambia kwa upole, "Chukua, ya kwako imeungua." Mhasibu wetu mkuu anazo sita.

Kisha kuna vile vijikaratasi vyake. Kila waya aliougusa aliufunga kijikaratasi chenye maelezo kwa mwandiko wa mviringo, akakivika plastiki, na maelezo hayo amemwandikia fundi atakayekuja baadaye kana kwamba ni ndugu yake. "Huu ni wa honi, mdogo wangu, usiuvute." "Mwanangu, huu hauna kazi tena, lakini mwenzake anamtegemea." Fundi mmoja wa nje aliyeletewa lori letu alipiga simu kuuliza huyo mama anayemwita mwanangu ni nani, maana alikuwa ameacha kazi akaanza kusoma.

Nyumbani kwake mambo si tofauti. Mumewe, fundi cherehani, anasema kengele ya mlango wao ina fyuzi tatu, na mgeni asiyepewa maelezo mapema hukaa nje akitafuta kitufe kwa kubonyeza ukuta. Ubaraza wao umegawanywa kwa mstari wa chaki: huku nyuzi na vitambaa, kule risasi ya kuunganishia na redio zilizofumuliwa. Binti yao mkubwa, ambaye ni muuguzi, anasema mstari huo husogea kila mwezi, na daima husogea upande mmoja.

Lakini ukimwuliza yeyote hapa karakana atataja pikapu namba tatu kabla hujamaliza swali.

Miaka minne iliyopita pikapu hiyo ilikuwa imebeba mabomba ya chuma, yamepangwa hadi usawa wa dirisha la nyuma. Dereva wake, ambaye kwa mwendo wake wa taratibu tunamwita Kobe, alikuwa barabarani kama kawaida yake, akipitwa na kila mtu. Mwendesha baiskeli akachomoka uchochoroni. Kobe akakanyaga breki na baiskeli ikapona. Bomba la juu kabisa likavunja kioo cha nyuma, likapita kando ya sikio lake na kusimama kwenye kioo cha mbele.

Mwilini alipata mkwaruzo tu. Ila kuanzia siku hiyo hakuweza kuendesha gari lenye mzigo. Akisikia chuma kimegonga nyuma yake aliinama, na mikono ikaachia usukani. Alikuwa dereva kwa miaka kumi na tisa, na hakuna kazi nyingine aliyowahi kuipenda. Uongozi ulimpa mwezi mmoja: ama arudi barabarani, ama ahamie getini kuandika namba za magari yanayoendeshwa na wenzake. Wiki tatu zilipita. Alikuwa ameshaonyeshwa kiti cha getini.

Mama Fyuzi hakumpa pole. Alimfuata na futi ya kupimia. Kobe ni rafiki wa mumewe, kwa hiyo kwake ni shemeji.

"Kaa kwenye kiti cha dereva, shemeji. Napima kichwa."

"Unanipimia jeneza?"

"Jeneza halina taa za breki. Kaa."

Kazi ikaanza, na kwa siku tano karakana nzima ilikuwa kama nyumba yenye harusi. Vyuma vilitoka kwenye rundo la mabaki nyuma ya stoo: mabomba ya mraba ya lango lililobomolewa, pleti nene za pampu iliyokufa, na wavu wa chuma wa ngazi ya zamani ya tangi. Aliweka nguzo mbili na kuzivusha juu ya paa la kabini kwa upana wa kiganja. Katikati alichomelea wavu, wala si bati zima, ili dereva aendelee kuona nyuma. Nguzo alizifunga kwenye kingo za bodi, lile sanduku la mzigo, kwa boliti nane zilizopita hadi upande wa pili, kila moja ikiwa na pleti chini yake, maana bati tupu huchanika.

Kati ya kinga na kabini aliacha nafasi ya ngumi moja. Mtu akauliza kwa nini asiishikamanishe na kabini iwe imara zaidi. Akaeleza kwamba kwenye pikapu kabini na bodi ni vitu viwili vilivyokalia fremu moja, na barabara mbaya hutikisa kila kimoja kivyake. Ukivifunga pamoja, kitu kitapasuka. "Ni kama mkwe," alisema. "Anakaa karibu, anaheshimiwa, lakini hamlali chumba kimoja."

Pale pale kinga ikapata jina. Mchomeleaji akaongeza kwamba mzigo ukifika mbele ya mkwe husimama wenyewe na kuinamisha macho, na tangu siku hiyo hakuna aliyeiita kinga tena. Ni Mkwe.

Nyaya alizitandika asubuhi ya siku ya nne. Fyuzi ilikaa karibu kabisa na betri, ili waya ukichubuka popote mbele ya safari, fyuzi ikatike kabla ya moto. Swichi ilikaa kwenye dashibodi, na rilei, swichi ndogo ya sumaku, ikabeba umeme mzito kwa niaba yake. Waya wenyewe aliupitisha ndani ya bomba la plastiki kando ya chasisi, mbali na ekzosi, na kila ulipopenya tundu la chuma aliuvalisha mpira usichubuke. Juu alifunga taa mbili za kumulika mzigo, na katikati taa ya tatu ya breki. Kisha, kwa furaha, alipaka rangi. Alipaka mara tatu rangi nyeusi inayong'aa, na hakuna mtu aliyewahi kuona chuma chakavu kimependeza namna ile.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, afisa usafiri alishuka na faili lake kuikagua kazi. Karakana nzima ilisimama. Mama Fyuzi akakanyaga breki na kubonyeza swichi. Hakuna taa hata moja iliyowaka.

Akaangalia fyuzi, nzima. Rilei ikalia kama inavyotakiwa. Swichi ilikuwa mpya. Dakika arobaini zilipita, watu sita wakiwa na ushauri saba, afisa akitazama saa. Kobe, ambaye siku zote tano alikuwa akisimama mlangoni kana kwamba gari lile lina mbwa, akasogea hatua moja, kisha nyingine.

"Shemeji," alisema, "si ulisema gari lote ni waya? Sasa waya umeupaka rangi."

Ilikuwa kweli. Somo lake la kwanza kabisa, alilomfundisha kila mgeni kwa miaka ishirini na minane, alikuwa amelisahau mwenyewe. Katika furaha yake alikuwa amefungua taa zote, akapaka rangi hadi chini ya boliti zake, akazirudisha, na rangi ile nene ikaziba njia ya umeme ya kurudi. Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Kobe ndiye aliyechukua brashi ya waya na kupanda bodini kukwangua. Chuma kilipong'aa na boliti kurudishwa, Mama Fyuzi akakanyaga na kubonyeza tena, taa zote tatu zikawaka kwa mpigo, na watu wakapiga makofi utadhani wameona bao.

Ikabaki kumjaribu Mkwe. Walifunga mnyororo, pikapu namba tano ikavuta, na nguzo hazikusogea hata unene wa ukucha. Yakapakiwa mabomba thelathini. Afisa akamtazama Kobe. Kobe akatazama chini.

Mama Fyuzi akafungua mlango wa abiria, akapanda, akafunga mkanda, mgongo wake ukiwa kwenye mabomba yote thelathini. Akatoa chungwa mfukoni na kuanza kulimenya.

"Chukua muda wako, shemeji," alisema. "Ila likiisha usiniombe."

Kobe alisubiri hadi nusu ya ganda ilipotoka. Kisha akapanda. Aliendesha kwenye uwanja wa nyuma, kwa mwendo ambao hatukujua anao, na mbele ya ukuta wa stoo akakanyaga breki. Mabomba yalimpiga Mkwe kwa kishindo kilichofungua madirisha ya ofisi za juu. Yakasimama hapo hapo. Ndani ya kabini hapakuwa na kilichotikisika ila maganda ya chungwa.

Kobe hakuwa ameinama. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Aliitazama kwa muda, kama mtu anayehesabu vidole, akasema, "Turudie." Walirudia mara mbili. Safari ya nne hakurudi uwanjani. Alipinda kushoto, akapita getini mbele ya kile kiti alichotayarishiwa, na kuyapeleka mabomba yalikokuwa yakisubiriwa, Mama Fyuzi akiwa bado ndani kwa sababu hakupewa nafasi ya kushuka.

Leo magari yetu saba ya mizigo yana Mkwe, na yote saba aliyafunga yeye. Mara mbili baada ya hapo mizigo imesukumwa mbele kwa breki kali. Mara zote mbili dereva alirudi nyumbani kwake kula chakula chake kikiwa bado cha moto. Hatuna kipimo kingine cha kazi ya mtu kinachotosha.

Mama, tunakushukuru kwa nyaya zilizofungwa vizuri, kwa vijikaratasi ulivyowaachia ndugu ambao hujawaona, na kwa kucheka kosa lako kwa sauti kubwa kuliko ulivyocheka makosa yetu. Nenda ukapumzike ukiwa na afya, redio zako zipate sauti, wajukuu wakuchoshe kwa raha, na mzee wa cherehani aachiwe walau robo ya ubaraza.

Kobe amekwisha kuomba kwamba Ijumaa yeye ndiye atakayemrudisha nyumbani, kwa pikapu namba tatu. Atafika jioni, lakini atafika.

Boliti hulegea kwa mtikisiko, na kuanzia Jumatatu hatakuwepo wa kuzikagua kwa niaba yetu. Kwa hiyo wewe unayeendesha gari la mzigo, leo, kabla hujageuza ufunguo, zunguka nyuma ya kabini, ishike kinga yako kwa mikono miwili na uitikise kwa nguvu zako zote.