Mwalimu Tusije na Siku Aliyogeuza Basi

Tarehe thelathini mwezi huu, mwalimu wetu wa michezo na jiografia anastaafu baada ya kuitumikia shule hii kwa miaka thelathini na mmoja. Jina lake halisi limo kwenye barua za ofisi. Kwetu sisi wa chumba cha walimu, na kwa wanafunzi wa vizazi vyote hivyo, yeye ni Mwalimu Tusije: tusije tukachelewa, tusije tukanyeshewa, tusije tukasahau sanduku la dawa.

Aliripoti hapa akiwa kijana mwembamba, uwanja ukiwa na mashimo na nyasi za kufika magotini. Kabla hata hajaonyeshwa meza yake, alikuwa ameshauzunguka wote akiokota vipande vya chupa. Magodoro ya kuruka juu yalipoletwa, hakumruhusu mwanafunzi yeyote ayaguse mpaka ajirushe yeye kwanza, tai shingoni, mbele ya mkuu wa shule na wageni wake. Safarini alihesabu watoto wakipanda basi, akawahesabu wakiwa wameketi, akawahesabu tena njiani. Tulimcheka sana, hadi jioni moja hesabu ilipozidi mtu mmoja. Mwanafunzi wa shule jirani alikuwa amepanda basi letu kimakosa na kulala fofofo kiti cha nyuma.

Mkewe, ambaye ni mkunga, anasema nyumbani hali ni hiyohiyo. Yeye huzalisha akina mama mchana kutwa, akirudi analala kama gogo. Mumewe, aliyeshinda na mipira, ndiye anayegeukageuka kitandani.

Chini ya uangalizi wake tulipata chumba cha huduma ya kwanza, njia ya kukimbilia iliyosawazishwa vizuri, na vikombe vilivyojaza kabati la mapokezi. Lakini nitakuwa nimemdanganya msomaji nikikiruka kikombe ambacho hatukukipata.

Mwaka ule tulikuwa na msichana wa darasa la mwisho, binti wa fundi seremala, aliyekimbia mita mia nane kama mtu aliyeitwa nyumbani kwa haraka. Hakuna aliyemkaribia. Kwenye fainali wangekuwepo watu wa chuo kimoja waliokuwa wakitafuta wanariadha wa kuwasomesha, na kila mtu alijua wakimwona tu, amepata.

Tuliondoka asubuhi, baada ya mvua kunyesha usiku kucha. Mimi ninayeandika nilikuwemo, mwalimu mgeni, nimeketi nyuma ya dereva. Tulipofika mtoni, maji yalikuwa yamepanda juu ya daraja, rangi yake kama chai ya maziwa, na kingo za daraja hazikuonekana kabisa.

“Mwalimu, haya ni maji ya kifundo cha mguu tu,” dereva alisema. “Napita polepole, tunatokea.”

Mwalimu Tusije alishuka, akasimama akiyatazama, akarudi kutuambia tusubiri. Tukasubiri. Maji hayakupungua. Kisha likaja basi la shule nyingine, likatupita, likaingia majini taratibu na kutokea ng’ambo, watoto wake wakitupungia mikono madirishani.

Ndani ya basi letu kelele zikalipuka. Binti wa seremala akasimama katikati ya viti.

“Mwalimu, wenzetu wamepita! Si umeona kwa macho yako?”

“Nimeona.”

“Sasa tunangoja nini? Twende, Mwalimu, tafadhali twende!”

Mwalimu alimwangalia, akayaangalia maji, akamwangalia tena. Kisha akamwambia dereva, “Geuza.”

Daraja halikubomoka. Lipo mpaka leo. Mbio zile alishinda msichana ambaye binti yetu alikuwa akimwacha nyuma kila walipokutana, na nafasi ya chuo ikaenda naye. Wazazi walikuja juu. Seremala alifika ofisini na nguo zake za kazi, unga wa mbao ungali mikononi, wala hakupaza sauti.

“Umemkatia mwanangu njia,” alisema. “Na kisa ni woga wako.”

Mwalimu hakujitetea. Muhula mzima wanafunzi hawakumwitikia salamu, naye akaendelea kuwasalimu.

Binti alimaliza shule, akauza rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na jioni akaanza kuwafundisha mbio watoto wa mtaani kwake. Leo ni kocha, na wakimbiaji wake wanarudi na medali kutoka mashindano ya mataifa. Ndiyo maana kamati ilipopanga kuwaenzi kwa siku moja wahitimu waliotutoa kimasomaso na wafanyakazi wanaostaafu, yeye alitajwa wa kwanza.

Tangu asikie habari hiyo, Mwalimu hakuwa na raha. Aliuliza kama ni kweli anakuja. Aliuliza ataketi upande gani. Chai yake ilikuwa inapoa mezani bila kuguswa. Kikazuka na kikohozi cha ghafla, ambacho kwa maelezo yake huenda kingemzuia kuhudhuria.

Ijumaa iliyopita ukumbi ulijaa pomoni, ila kiti chake kilikuwa kitupu. Mimi na mkewe tulimkuta stoo ya michezo, anajaza mipira upepo.

“We bwana,” mkewe akamwambia, “suti mpya yote hiyo umeivalia mipira?”

Kabla hajajibu, kocha alikuwa ameshafika mlangoni.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu.” Pampu ikamponyoka.

“Zile mbio ningeshinda,” kocha akasema. “Nataka ulijue hilo.”

“Ungeshinda. Hakuna siku niliyowaza vingine.”

“Nilikuchukia miaka mingi. Halafu na mimi nikapewa watoto wa watu niwapeleke mashindanoni. Katikati ya safari nikamwona dereva anasinzia, anasema yuko sawa, twende tu.” Akaiokota pampu sakafuni. “Niliwashusha wote, Mwalimu. Tukakosa mashindano. Walilia, wakaninunia wiki nzima. Siku hiyo nilikukumbuka.”

Mwalimu akaketi juu ya rundo la mikeka na kujifuta uso kwa leso. Mkewe akageukia dirisha. Kocha ndiye aliyemshika mkono na kumwinua, wakaenda ukumbini pamoja, wala hakumwachia mpaka alipomketisha. Njiani nilimsikia Mwalimu akimuuliza kama dereva aliyemleta amepumzika vya kutosha.

Mwalimu wetu, walimu wenzako, wafanyakazi na wanafunzi tunakushukuru kwa kila safari uliyotuongoza, pamoja na ile ambayo hatukufika. Tunakuombea afya njema, wajukuu wasiopenda kupanda miti, na siku nyingi za kukaa bila kumngoja mtu. Watoto wote walifika kwao. Nenda kapumzike.